Kabla hujatia dole gumba: namna ya kuuhoji utafiti wa tiba unaoombwa kuingia

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi kazi yangu kubwa imekuwa kukaa kwenye benchi na wazazi, hapa mkoani Tanga, nikiwaeleza utafiti wa kitabibu kabla hawajaamua kama mtoto wao aingie au asiingie. Wengi hunisikiliza kwa adabu, wakaitikia kila sentensi, kisha wakauliza jambo moja tu: "Sasa dada, natia sahihi wapi?" Swali hilo huniuma. Mtu aliyebeba mtoto mwenye homa, aliyetoka nyumbani alfajiri na hajanywa hata chai, yuko tayari kutia dole gumba popote ilimradi mtoto aonwe. Namwandikia yeye, na yeyote atakayeombwa kushiriki katika utafiti wa dawa, chanjo au kipimo kipya.

Kwanza ujue hili: ukikataa, mtoto wako atatibiwa vilevile. Foleni ni ileile, dawa za kawaida ni zilezile, na hakuna atakayeandika chochote kibaya kwenye kadi yake. Mtu yeyote akikuambia au akikuonyesha kwa sura kwamba matibabu yanategemea sahihi yako, hapo kuna kosa, na una haki ya kumwita mganga mfawidhi.

Ukishatulia, usikimbilie fomu. Muulize anayekueleza: "Ni kitu gani hasa ambacho ninyi wataalamu hamkijui?"

Usione haya. Utafiti upo kwa sababu kuna jambo halijajulikana. Kama ingekuwa wazi kwamba dawa mpya inaponya kuliko ya zamani, ungeandikiwa ukaichukue dirishani. Mtafiti anayeijua kazi yake atakujibu kwa maneno machache: dawa hii inatibu, na ile inatibu, ila hatujui ipi inaokoa watoto wengi zaidi. Au: kipimo hiki ni cha haraka, hatujui kinakosea mara ngapi. Akikuambia dawa yao ni nzuri ajabu na wewe una bahati kuipata, mwombe akuitie mkubwa wake. Ama hajaelewa utafiti anaoueleza, ama anakuficha.

Kuna utafiti mmoja ambao huwaeleza wazazi kila ninapopata nafasi, kwa sababu unaonyesha kutokujua kwa wataalamu kunavyoweza kuwa kukubwa. Unaitwa FEAST. Uliongozwa na Profesa Kathryn Maitland, daktari wa watoto anayefanya kazi Kilifi, pwani ya Kenya, na ulifanyika katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, ya kwetu ikiwa ile ya Muheza. Ulihusu mtoto anayeletwa na homa kali, mikono na miguu ya baridi, mapigo hafifu, anahema kwa shida au amepoteza fahamu. Mafunzo ya wakati ule yalisema damu haizunguki vizuri, kwa hiyo mfungulie dripu ya haraka, maji mengi ndani ya saa moja. Ndivyo miongozo ya nchi tajiri ilivyoelekeza, na kila aliyeifuata aliamini anaokoa maisha. Katika hospitali nyingi za kwetu, tatizo lilionekana kuwa ni upungufu tu wa vifaa na wahudumu wa kuifanya.

Watoto 3,141 waligawanywa katika makundi matatu kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa dripu ya haraka ya maji ya chumvi, la pili dripu ya haraka ya albumini, yaani maji yenye protini ya damu, na la tatu halikupewa dripu ya haraka, ila maji ya kawaida polepole. Wote walipata dawa za malaria, antibayotiki, oksijeni na damu kadiri walivyohitaji. Mwezi Januari 2011 kamati huru inayochungulia takwimu ilishauri utafiti usimamishwe kabla ya kufika mwisho. Ndani ya saa 48, watoto waliopewa dripu za haraka walikuwa wamefariki 10.5 (maji ya chumvi) na 10.6 (albumini) kati ya kila 100. Wale waliopewa maji polepole walifariki 7.3 kati ya kila 100. Tiba iliyoaminiwa ilikuwa inaua.

Niseme mapema, kwa kuwa najua habari husafiri nusu: watoto wanaoharisha na kukaukiwa maji hawakuwemo katika utafiti ule. Mtoto anayeharisha bado anahitaji maji na chumvi za kunywa, na akizidiwa anahitaji dripu. Usimkatalie.

Sasa mfikirie mama ambaye mwanawe aliangukia kundi la tatu. Angekuwa na kila sababu ya kunung'unika kwamba mtoto wa jirani kafunguliwa dripu kubwa na wa kwake hakufunguliwa. Wala si yeye peke yake ambaye hakujua. Hata maprofesa hawakujua. Ndiyo maana jibu la swali lako la kwanza ni muhimu kuliko kurasa zote za ile fomu.

Kundi gani, na kwa nini daktari hakuchagulii

Jambo la pili la kuuliza: "Mwanangu atafanyiwa nini ambacho asingefanyiwa kama ningekuja kutibiwa tu?" Mwombe akutajie kimoja kimoja. Damu ya ziada? Picha ya eksirei? Kurudi kliniki hata kama mtoto ni mzima? Mhudumu kuja nyumbani? Hapo utatenganisha matibabu na utafiti, vitu viwili ambavyo watu huvichanganya kwa sababu vinafanyika chumba kimoja, na muuguzi yuleyule, ndani ya koti jeupe lilelile. Daktari anayekutibu anaangalia faida yako leo. Utafiti unatafuta jibu kwa ajili ya wagonjwa wanaokuja. Mara nyingi yote mawili yanakwenda pamoja, lakini si lazima.

Katika tafiti nyingi za dawa mshiriki hupangiwa kundi. Orodha imeandaliwa na kompyuta, au kuna bahasha zilizofungwa, na ikifunguliwa yako ndipo inajulikana. Daktari hachagui, na kujuana na muuguzi hakusaidii. Wazazi wengine huona ni kama kuchezewa watoto wao, na ninawaelewa. Lakini fikiria kama daktari angechagua: wagonjwa mahututi angewapa dawa anayoiamini, wenye nafuu angewapa nyingine, na mwishoni usingejua kilichowaponya ni dawa au ni ile nafuu waliyokuja nayo.

Kwa njia hiyo ndivyo kwinini ilivyoacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria kali. Waliowahi kuuguza wanaikumbuka: dripu ya saa nne, masikio yanavuma, sukari ya mwili inashuka ghafla. Utafiti wa AQUAMAT, uliotangazwa mwaka 2010, uliwapanga watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, baadhi kwa kwinini na baadhi kwa sindano ya atesuneti. Upande wa kwinini walifariki 10.9 kati ya kila 100, upande wa atesuneti 8.5. Muheza na Korogwe zilikuwemo. Sindano anayochomwa leo mtoto mwenye malaria kali ilipitia kwenye watoto wa wilaya zetu.

Uliza pia kundi lisilopata dawa mpya linapata nini. Jibu zuri lipo, na lisikuridhishe jibu la "watapata huduma ya kawaida" bila kuelezwa huduma hiyo ni ipi. Katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo yalianza mwaka 2009 na kuhusisha watoto 15,459 katika nchi saba, Bagamoyo na Korogwe zikiwa kwetu na Kilifi ikiwa Kenya, watoto wakubwa kidogo wa kundi la kulinganisha walipewa chanjo ya kuzuia kichaa cha mbwa. Hawakupata chanjo ya malaria, lakini hawakuondoka mikono mitupu. Na wote waligawiwa vyandarua.

Wakati mwingine kundi la kulinganisha hupewa plasebo, yaani kidonge au sindano isiyo na dawa. Hapo uliza kwa sauti: ugonjwa huu una tiba inayojulikana? Kama ipo, na ugonjwa ni wa hatari, mgonjwa hatakiwi kunyimwa tiba hiyo ili alinganishwe. Tumefika kwenye kanuni hiyo kwa njia mbaya. Huko Tuskegee, jimbo la Alabama nchini Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende walifuatiliwa bila kutibiwa na bila kuambiwa ukweli, hata baada ya penisilini kupatikana. Mtu akikuambia maswali yako ni usumbufu, kumbuka fomu aliyoishika imewekwa kwa sababu ya watu ambao hawakuulizwa.

Damu

Hapa ndipo penye maneno mengi, na mimi sitayadharau. Pwani yetu imekua na habari za mumiani, wanyonya damu. Mzee anayekuona unatoka na mirija ya damu kwenye boksi la barafu, unapanda gari la serikali na kutokomea, ana haki ya kuuliza inakwenda wapi. Kumwambia "ni imani potofu" si jibu.

Uliza kiasi kwa vijiko. Kijiko cha chai kinabeba mililita 5. Mtoto wa kilo 10 ana damu kama mililita 800 mwilini. Kipimo cha haraka cha malaria kinatumia chini ya tone moja. Mrija wa kawaida wa mtoto ni mililita 2 au 3, nusu kijiko hivi. Kiwango kinachofuatwa sana katika tafiti za watoto ni kutozidi mililita 3 kwa kila kilo ya uzito ndani ya wiki nane. Kwa hiyo mtoto wa kilo 10, mililita 30, vijiko sita, na hiyo ni jumla ya safari zote. Ukitajiwa zaidi ya hapo, omba maelezo ya kina. Kwa mtu mzima linganisha na benki ya damu, ambapo mchangiaji hutoa kama mililita 450 kwa mara moja.

Kisha uliza mambo haya bila kuruka: damu itapimwa nini, itahifadhiwa muda gani, itasafirishwa nje ya nchi au la, na itatumika kwa utafiti mwingine baadaye au la. Fomu nyingi zina visanduku viwili mbele ya maswali haya, ndiyo na hapana, na kila kimoja kinajibiwa peke yake. Unaweza kukubali utafiti na ukakataa damu kuhifadhiwa. Watu wengi hawajui hilo, na msomaji mwenye haraka huvipita visanduku hivyo kama havipo. Mwekee kidole kwenye kila kimoja.

Utafiti wa vipimo

Watu huogopa utafiti wa dawa na kuudharau wa vipimo, ati "ni kupima tu". Mimi nauheshimu sana, kwa sababu tumetibu homa kwa kubahatisha kwa miongo mingi. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa nchi yetu. Kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa wakitibiwa malaria kali, waliothibitika kuwa na vimelea kwenye darubini walikuwa asilimia 46.1 tu. Baadaye Moshi walichunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Waliodhaniwa wana malaria walikuwa 528. Waliokuwa nayo kweli, 14. Wengine walikuwa na magonjwa ambayo hata hatuyataji tunapouguza: homa ya mgunda, homa ya Q, brusela, maambukizi ya damu.

Kwa hiyo ukiombwa kushiriki utafiti wa kipimo, uliza hivi: "Kipimo kipya kikisema sina ugonjwa, mtanitibu kwa kukiamini chenyewe au kwa kipimo cha zamani?" Na tena: "Majibu nitapewa, lini, na nani?" Kuna vipimo vya utafiti ambavyo majibu yake hutoka baada ya miezi, maabara ya mbali, na hayakusaidii wewe leo. Si kosa, ila uambiwe kabla. Lakini wakigundua kitu kinachotibika, kifua kikuu, VVU, kisukari, wanapaswa kuwa na mpango wa kukuarifu na kukuunganisha na kliniki. Mpango huo uwe kwenye karatasi, siyo mdomoni.

Karatasi yenyewe

Sasa shika fomu. Iwe kwa Kiswahili, na kama bibi yenu anaelewa Kisambaa au Kidigo zaidi, asomewe kwa lugha hiyo. Tafuta jina la mtafiti mkuu na namba ya simu. Tafuta namba ya kibali cha maadili, ambacho Tanzania Bara hutolewa na kamati ya taifa chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kwa majaribio ya dawa na chanjo kuna pia kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Zanzibar wana taasisi yao ya utafiti wa afya, na Kenya wana kamati zao na Bodi ya Dawa na Sumu. Lazima kuwe na namba mbili za kupiga: ya watafiti, na ya kamati ya maadili isiyo ya watafiti. Kama una mjukuu mwenye simu ya intaneti, mwambie atafute jina la utafiti kwenye daftari la majaribio ya kitabibu la Afrika, PACTR. Ni bure.

Asiyejua kusoma anatia dole gumba mbele ya shahidi, na shahidi huyo asiwe mtumishi wa utafiti. Mchukue jirani wa benchi, au shemeji aliyekusindikiza. Shahidi asikilize yote kuanzia mwanzo, asiitwe mwishoni kuandika jina.

Una haki ya kwenda nayo nyumbani ukalale nayo. Kina mama wengi huniambia lazima wamuulize baba mtoto, au mama mkwe, na wafanyakazi wenzangu wengine huona ni kuchelewesha. Mimi huwaambia nendeni. Aliyekubali akiwa peke yake kisha akagombezwa nyumbani, harudi kliniki ya pili. Mtoto aliyefikia umri wa kuelewa naye aulizwe, kwa maneno yake, na akikataa kwa dhati asilazimishwe.

Dharura ndiyo tofauti. Mtoto anayekata roho hasubiri kurasa kumi na mbili. Katika FEAST, kwa mfano, mzazi alielezwa kwa kifupi na kukubali kwa mdomo, kisha akapewa maelezo kamili mtoto alipotulia. Ukifanyiwa hivyo, hakikisha yale maelezo ya pili unayapata kweli, na ujue bado una nafasi ya kusema hapana.

Kuhusu fedha: utarudishiwa nauli, na pengine kitu kidogo kwa muda uliopoteza shambani au sokoni. Hayo ni sawa. Kiasi kikiwa kikubwa hadi unahisi huwezi kukataa, jihadhari, na kamati ya maadili ingefaa ijue. Muhimu kuliko nauli ni hili: "Mwanangu akidhurika kwa dawa hii, nani anamtibu, nani analipa?" Majaribio ya dawa hukatiwa bima ya washiriki. Uonyeshwe sentensi hiyo. Na usiku homa ikipanda, unapiga namba ipi, gari lipo?

Kujitoa ni wakati wowote, bila kutoa sababu. Ila tafadhali sema unajitoa, usikae kimya ukajificha wahudumu wakija. Kuna dawa ambazo hazifai kuachwa ghafla, na kuna watu watahangaika kukutafuta wakidhani mtoto kafariki.

Mwisho uliza ya baadaye. Dawa ikionekana nzuri, sisi tulioshiriki tutaipata? Na matokeo mtatuletea? Watafiti huahidi kurudi, na wengine hurudi kweli, wakaitisha mkutano kwa mtendaji wa kijiji na kueleza kwa Kiswahili cha watu. Wengine matokeo yao huishia kwenye majarida ambayo hata mimi hununua kwa shida. Kawadaini. Mwenyekiti wa kijiji na aandike jina la utafiti kwenye daftari lake, na mwaka ukipita awapigie.

Nakala yako ya fomu iweke pamoja na kadi ya kliniki, kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Na kabla hujatoka getini, piga ile namba ya mtafiti iliyoandikwa chini. Kama haiiti, rudi ndani ukawaambie waisahihishe wakati bado uko hapo.